Walipofufua Mada ya Mama Vifaranga

Kuna watu ambao hawachoki kuwaambia wenzao kwamba yaliyopita si ndwele. Ukiwachunguza, utaona mara nyingi ni wale waliokanyaga, si wale waliokanyagwa. Aliyekanyagwa hana haraka hiyo. Wahenga waliliona jambo hilo mapema wakatuachia usemi kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Maana yake ni kuwa ngozi inaweza kufunga na damu ikakauka, mtu akatembea na kucheka kama wenzake, lakini ndani pakabaki mahali ambapo pakiguswa panauma vilevile. Hadithi hii ni ya mwanamke aliyeguswa mahali hapo, tena na watu wazima wenye akili zao timamu, kwa sababu tu walikuwa wanatafuta uchangamfu.

Palikuwa na jukwaa dogo la mtandaoni la wafugaji wa kuku. Zamani lilivuma sana. Watu waliulizana humo kuhusu chanjo, mabanda, na majogoo wanaowika saa zisizo za kuwika, wakagombana asubuhi na kupatana jioni. Miaka ilivyokwenda wengi walihamia kwingine na jukwaa likapoa kama uji uliosahauliwa mezani. Walibaki watu kama mia moja hivi, wapya kwa wakongwe, wakisalimiana na kutangaza mayai.

Jukwaa hilo lilikuwa na sheria zake, na mtu aliyeingia ilimpasa azijue. Jambo lililokwisha kujadiliwa lilikuwa halifunguliwi mada mpya. Mtu alitakiwa aitafute ile ya zamani akaandike hapohapo chini yake. Na mada yoyote, hata iliyolala miaka kumi, ikiandikiwa neno moja tu, ilipanda juu kabisa ya ukurasa wa mbele ikakaa pale kama iliyoandikwa asubuhi ile. Tarehe ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, na wenye kuangalia mchanga ni wachache.

Mwanzilishi wa jukwaa alikuwa mwenye duka la chakula na dawa za kuku, na humo ndani kila mtu alimwita Mwenyekiti. Alilipenda jukwaa lake kama mwanawe wa kumzaa. Alipoona linazidi kunyamaza alishika tama, akafikiri, akaja na wazo. Kila Ijumaa angefufua mada moja ya kale ili vijana wacheke na wazee wakumbuke enzi zao. Ijumaa ya kwanza alifufua ile ya kuku aliyetaga mayai yasiyo na ganda. Watu wakachangamka. Ijumaa ya pili akafufua ya mtu aliyemnunulia mkewe mtetea, kumbe ni jogoo. Watu wakacheka mpaka wakaomba zaidi.

Ijumaa ya tatu Mwenyekiti alipanga mada zote kwa wingi wa maoni, akaichukua iliyokuwa juu. Hakuifungua. Aliangalia idadi tu, kama mtu anayechagua tikiti maji kwa ukubwa bila hata kuligonga. Chini yake akaandika: "Wazee wa jukwaa, mnaikumbuka hii? Moto uliwaka kwelikweli. Vijana, someni mjionee." Kisha akaweka simu mfukoni akaendelea kupima pumba.

Kichwa cha mada hiyo kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu: TAHADHARI, MAMA VIFARANGA ANAUZA KIDERI. Kideri ni ule ugonjwa unaofagia kuku wa banda zima kwa siku chache.

Nami nasema hapa kabla sijaendelea: mtu anayeona maneno kama hayo juu ya jina la mwenzake, asiyafungue hata kidogo, kisha awaite vijana waje kutazama, huyo hastahili kuitwa mwenyekiti wa chochote, hata wa kiti chenyewe.

Mama Vifaranga alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika hadi nyumba ya tatu. Alikuwa na mashine ya kutotolesha iliyochukua nusu ya chumba cha uani, na alijua kila trei ndani yake kama anavyojua vyungu vyake. Binti yake alikuwa amemaliza masomo, akaamua kurudi nyumbani wafanye kazi pamoja. Ni huyo binti aliyejiunga na jukwaa mwaka ule na kuanza kuwatangazia watu vifaranga wa siku moja. Kwa mara ya kwanza oda zilikuwa zimejaa kabla mayai hayajapasuka. Mama alipoambiwa, alicheka kile kicheko chake, kisha akaingia ndani peke yake, akakaa huko kitambo kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa na mambo yake mawili ambayo majirani waliyachukulia kuwa ni ukali wa kazi. La kwanza ni beseni la dawa lililokaa getini. Hakuna aliyeingia bila kutumbukiza viatu humo, awe mgeni, jamaa au mtu wa kusoma mita ya maji. La pili ni pembe moja ya uwanja, nyuma ya banda, ambayo hakuruhusu ilimwe. Udongo wake ulikuwa mweusi na mwororo kuliko sehemu nyingine zote. Binti aliwahi kumwomba apande mchicha pale. Mama akamjibu kwa mkato kwamba mchicha unauzwa sokoni.

Jumamosi asubuhi, mayai yakiwa yameanza kuonyesha nyufa, simu ya binti iliita. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyeagiza vifaranga mia.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, mwalimu. Shikamoo. Mzigo wako unatoka kesho, uje mapema."

"Marahaba. Ndilo hilo nililokupigia. Nimeona niahirishe kidogo."

"Kuna tatizo, mwalimu?"

"Hapana, si tatizo. Ni haya mambo ya jukwaani tu. Si unajua, pensheni yenyewe ndiyo hii, siwezi kubahatisha na kideri."

"Kideri? Kideri cha nani?"

Mwalimu alikohoa. "Ingia ukasome, mwanangu. Mimi sipendi kuwa wa kusema." Akakata.

Hakuwa wa kusema, lakini wa kuamini alikuwa wa kwanza. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepiga wengine watano. Mmoja alidai mkewe amekataa. Mwingine alidai banda lake limevuja. Mwingine hakudai chochote, aliandika tu "nimeghairi" na kuweka picha ya mikono iliyoungana kama anayeomba radhi, kana kwamba picha ingelisha vifaranga.

Binti alifungua jukwaa, akaiona mada juu kabisa, akaanza kuisoma akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine. Mtu aliyejiita Jogoo Mkali ndiye aliyekuwa ameianzisha, akieleza kwamba alinunua vifaranga kwa Mama Vifaranga, akawachanja vizuri, na wote wakafa. Chini yake watu walijazana kama siafu. Mmoja alisema naye wake wamekufa. Mwingine akasema huyo mwanamke anajua na anauza makusudi. Mwingine akatia chumvi kwamba anawalisha mizoga. Mwingine akaandika mtaa, rangi ya geti, na maneno haya: "Twendeni tukamrudishie mali yake."

"Mama," binti aliita, "hii ni nini?"

Mama alikuwa anafuta vumbi juu ya mashine. Alisogea, akatazama kioo cha simu kwa kukitupia jicho tu, akajua. Uso wake ulikauka.

"Wameifufua," alisema.

"Nani? Mama, hii ni ya lini?"

"Wewe ulikuwa bado mdogo." Alichukua trei tupu zilizokuwa zimeoshwa tangu jana, akatoka nazo uani, akaanza kuziosha upya. Alizisugua moja baada ya nyingine, akazipanga, kisha akazirudia tena kuanzia ya kwanza. Binti alisimama akimtazama, na hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba beseni la getini halikuwa usafi wa kazi peke yake.

Hakusubiri kuelezwa zaidi. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akasoma mada yote, ukurasa kwa ukurasa, hata pale macho yalipomwuma kwa hasira. Zilikuwa kurasa nyingi. Katikati watu walianza kuchoka, wakahamia kuzungumza bei ya mahindi. Karibu na mwisho hapakuwa na mtu. Na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, mahali asipofika mtu, alikuta maneno ya daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa ameandika kwa utulivu kwamba amewapima kuku wa watu kadhaa. Vifaranga hawakuwa na kosa. Hata waliowanunua vifaranga kwa watu wengine walipata hasara hiyohiyo. Kilichofanana kwa wote ni chanjo, na chanjo yote ilitoka duka moja, ambalo friji lake lilikaa bila umeme wakati wa mgao, dawa ikaharibika bila mwenyewe kujua. Daktari hakulitaja duka. Hapakuwa na haja, kwa sababu maoni ya mwisho, chini ya hayo, yalikuwa ya Mwenyekiti: "Sawa, tumeelewa. Ajali kazini. Tusonge mbele."

Tusonge mbele! Hakubadilisha kichwa cha habari. Hakuandika "samahani" hata ya kusingizia. Aliyekuwa amechafuliwa kwa herufi kubwa alisafishwa kwa herufi ndogo, chumba cha nyuma, taa zikiwa zimezimwa, na kisha mada ikaachwa ilale miaka tisa na uongo wake ukiwa mlangoni na ukweli wake ukiwa uvunguni.

Binti alivaa viatu akaenda dukani.

Alimkuta Mwenyekiti nyuma ya mizani, mteja mmoja tu akiwa mbele yake, fundi cherehani aliyefuga kuku kumi na tano na aliyekuja kununua chanjo. Friji lilikuwa linanguruma pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Mama hajambo? Mwambie jukwaa limeamka, hata yeye aingie."

"Ndilo lililonileta. Ile mada uliyoifufua jana ni ya mama yangu. Wateja wanaghairi tangu asubuhi. Naomba uitoe."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtuliza mtoto. "Aa, ile? Ile ni ya kale sana. Kila mtu anajua ni ya kale."

"Mwalimu hajui. Waliojiunga mwaka huu hawajui. Wameona imekaa juu, wamesoma ukurasa wa kwanza, basi."

"Sasa nikiifuta si nitaonekana nina la kuficha? Na maoni yote yale, ni historia ya jukwaa. Watu wameingia wengi jana hiyohiyo moja kuliko mwezi mzima." Alijipangusa mikono. "Halafu, binti yangu, tusikuze mambo. Mama yako mimi namwona sokoni. Anacheka, ananisalimia vizuri kabisa. Yule ameshapoa zamani."

"Mzee, ulisoma mpaka mwisho?"

"Nisome nini? Mimi nilikuwepo."

"Basi soma." Binti alimwekea simu juu ya mizani. "Ukurasa wa mwisho tu. Soma kwa sauti."

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Alianza kusoma kwa sauti ya kujiamini, lakini alipofika kwenye friji sauti ilianza kushuka, na alipofika kwenye maneno yake mwenyewe ilikwisha kabisa. Fundi cherehani alikuwa ameshika kichupa cha chanjo mkononi. Alikitazama, akalitazama friji, akakirudisha juu ya meza taratibu.

"Leo niache," alisema. "Nitapitia siku nyingine." Akatoka.

Mwenyekiti alivua miwani. "Unaona sasa unavyoniharibia?"

"Mimi nimesoma tu yaliyoandikwa, mzee. Wewe ndiye uliyewaambia watu wasome wajionee."

Mwenyekiti akachukua simu yake kama mtu anayetoa msaada mkubwa. "Basi yaishe. Naifunga. Hakuna atakayeandika tena humo. Umeridhika?"

Binti hakujua maana yake. Alidhani mada iliyofungwa haionekani tena. Alimshukuru, maskini, akaondoka.

Huku nyumbani Mama Vifaranga alikuwa amemaliza kuziosha trei mara ya tatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaomba simu ya jirani, akaingia jukwaani kwa jina lake la zamani ambalo hakuwa amelitumia tangu siku zile. Hata nywila aliikumbuka. Kwa miaka tisa alikuwa ameijenga sentensi moja kichwani, akiibadilisha akiwa anapika, akiipunguza akiwa anageuza mayai, na sasa aliiandika kwa kidole gumba, herufi moja moja: "Mimi ndiye Mama Vifaranga. Sikuua kuku wa mtu. Someni ukurasa wa mwisho." Aliisoma mara mbili. Akabonyeza tuma.

Simu ikamjibu: "Mada hii imefungwa. Huwezi kuandika."

Naam, hivyo ndivyo Mwenyekiti alivyosaidia. Mada iliyofungwa ilibaki palepale, juu, na kichwa chake kilekile, kila mtu akiisoma. Kilichofungwa kilikuwa ni mdomo wa aliyesingiziwa, basi.

Binti aliporudi alikuta hivyo. Alifungua mada mpya hapohapo, akayanakili maneno ya daktari yote. Haikukaa muda mrefu. Ilitoweka, na mahali pake pakabaki ujumbe wa jukwaa: "Suala hili limeshajadiliwa. Tafadhali tumia mada iliyopo." Mada iliyopo ndiyo iliyofungwa. Mnaiona sheria hiyo? Mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli, na ukienda wa nyuma unaambiwa upite wa mbele.

"Niache nirudi kwake," binti alisema.

"Kaa," mama alisema. "Mayai yanapasuka."

Na kweli yalikuwa yanapasuka. Yai halijui fitina. Likifika wakati wake linafunguka, iwe wanunuzi wapo au hawapo. Jumapili asubuhi mashine ilikuwa imejaa sauti, vifaranga wakavu wa manjano wakikanyagana kwenye trei, mamia yao, na uani hakukuwa na mtu hata mmoja. Kifaranga wa siku moja hasubiri. Leo anavumilia kwa kiini alichokula yaini, kesho anataka joto, chakula na nafasi, na nyumba ile ilikuwa na nafasi ya theluthi yao tu. Mama na binti walihamisha makochi. Wakatandaza maranda sebuleni, wakatundika taa chini chini, wakazungushia maboksi. 

Walipopumzika, binti aliuliza, "Walikuja kweli? Wale waliosema watakurudishia mali yako?"

Mama alikuwa ameshika kifaranga mmoja, akimpuliza manyoya. "Walikuja. Waliligonga geti kama wanaotaka kulivunja. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Yalikuwa magunia. Nikadhani wameniletea pumba." Alimweka yule kifaranga chini ya taa. "Yalikuwa yameshaanza kunuka. Kuku wa watu wote wale. Nikaogopa ugonjwa usiingie bandani, nikachimba shimo pale nyuma, peke yangu, wewe ukiwa shuleni. Uliporudi ukaniuliza nachimba nini, nikakwambia shimo la takataka."

Binti aliangalia dirishani, pembe ile ya udongo mweusi. Hakuulizia tena habari za mchicha.

Mchana geti liligongwa. Mama alishtuka, mkono ukamwendea kifuani. Binti akaenda kufungua. Alikuwa Mwenyekiti, amevaa shati la kutokea na kofia, mfuko wa chakula cha vifaranga begani. Alitaka kupita moja kwa moja.

"Beseni, mzee," binti alisema.

"Hee, mpaka leo mnaweka beseni?" alisema akicheka, akatumbukiza viatu. "Mama Vifaranga ana mambo."

Alikaribishwa kwenye kiti cha plastiki uani, kwa kuwa sebule ilikuwa ya vifaranga. Alizunguka kwanza kwa salamu, akauliza habari za afya, akasifu mashine. Kisha akatoa kilichomleta.

"Dada, nimekuja kwako kwa unyenyekevu. Yule fundi cherehani ana mdomo. Tangu jana anawaambia watu kwamba dawa zangu ni mbovu. Leo hakuna aliyekuja kununua chanjo. Sasa lile friji nilishalibadilisha tangu enzi hizo, na nina jenereta. Wewe ndiye uliyeumia, ukisema wewe watu watakusikia. Naomba unisaidie kuandika neno moja jukwaani, kwamba Mwenyekiti ni mtu safi. Mada nitaifungua kwa ajili yako."

Ndiyo, msomaji, hukukosea kusoma. Hakuja kuomba radhi. Alikuja kuomba kusafishwa, na mtu aliyemwomba amsafishe ni yuleyule aliyemwacha na matope miaka tisa. Alilala siku moja tu na jina bovu, akaona maji yamemfika shingoni.

Binti alifungua mdomo. Mama akamzuia kwa kiganja.

"Wamekusema sana, Mwenyekiti?"

"Sana, dada. Sikulala. Mtu umefanya biashara kwa uaminifu, halafu jambo la zamani kabisa watu wanalileta kana kwamba ni la jana."

"Pole." Mama alitikisa kichwa. "Lakini si ni ya kale? Si yameshapoa?"

Mwenyekiti alivuta kiti nyuma kidogo.

"Nilisikia uliniona sokoni nacheka," mama aliendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. "Ni kweli nacheka. Nisipocheka watanunua kwa nani? Sasa njoo nikuonyeshe." Alimpeleka nyuma ya banda, akamsimamisha kwenye ile pembe. Akamweleza magunia. Akamweleza alivyoyaburura moja moja, alivyochimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, alivyomwosha mtoto miguu kila alipotoka nje. "Hukuja siku ile, Mwenyekiti. Wala hukuwatuma. Nalijua hilo. Lakini daktari alipokwambia ukweli, ulikaa kitako ukaandika tusonge mbele. Ulisonga wewe. Mimi nimebaki hapa na beseni langu."

Mwenyekiti aliutazama udongo.  Alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Dada, sikujua habari ya magunia," alisema mwishowe. "Wallahi sikujua. Nisamehe."

"Samahani yako nimeisikia. Kaiandike. Usiiandike kule mwisho. Kaiandike juu, kwenye kichwa, mahali pale pale nilipotukanwa, kwa herufi zile zile."

Aliandika palepale uani, akiwa amesimama. Kichwa cha mada kikasomeka: TULIMSINGIZIA MAMA VIFARANGA, KOSA LILIKUWA LA DUKA LANGU. Chini yake aliyahamisha maneno ya daktari yakawa ya kwanza kusomwa. Akaifungua mada. Na Mama Vifaranga, kwa simu ya binti yake, akaituma ile sentensi yake, yote, bila kuongeza neno. Kumsafisha Mwenyekiti hakumsafisha, na wala Mwenyekiti hakuthubutu kukumbusha. Aliuacha mfuko wa chakula mlangoni akaondoka.

Kilichofuata kilikuwa kama kawaida ya watu. Wale waliokimbia kwa kusoma ukurasa wa kwanza walirudi kwa kusoma ukurasa wa kwanza. Maoni yalimiminika: pole mama, hongera mama, sisi tulijua tangu zamani. Mwalimu mstaafu alipiga simu.

"Mwanangu, mimi moyoni sikuamini hata kidogo. Mia zangu bado zipo?"

"Zipo sebuleni, mwalimu. Njoo na boksi."

"Nakuja sasa hivi. Mwambie mama asahau, yameshakwisha."

Binti aliweka simu chini akakimbilia uani, furaha imemjaa. "Mama, wanarudi! Mwalimu yuko njiani, na yule aliyeghairi kwa picha naye anakuja. Tumemaliza, mama. Yamekwisha."

Mama alicheka, kile kicheko chake cha nyumba tatu, akaanza kupanga vifaranga wa mwalimu pembeni, akiwahesabu kwa vidole viwili viwili kama alivyozoea. Alikuwa amefika katikati geti lilipogongwa. Lilikuwa limegongwa na mzee mwenye shikamoo zake, aliyekuja na boksi tupu na roho nyeupe, na kama liligongwa kwa nguvu ni kwa sababu tu alikuwa na haraka.

Hesabu ikamkatika mdomoni. Alisimama wima katikati ya maranda, kifaranga mmoja amebanwa kifuani mwake kwa viganja vyote viwili, macho ameyakaza getini, kwenye ule uwazi ulioko chini, kuangalia kama kuna miguu ya mtu au kuna magunia.

"Ni mwalimu, mama," binti alisema polepole. "Ni mwalimu tu."

"Najua," mama alijibu. Lakini hakusogea, na getini mwalimu akagonga tena, akiita kwa furaha kwamba amefika. Binti ndiye aliyekwenda kumfungulia, na kabla hajavuta komeo aliliangalia beseni, akaona dawa imepungua, akaijaza mpaka juu. Dunia nzima ilikuwa imeshaandika kwamba yamekwisha; lakini mwenye kovu usidhani kapoa.